Kumfuata Erben, kutoka Miletín hadi Praha

Jumamosi. Praha – Hradec Králové

Treni ya Hradec Králové hutoka kituo kikuu cha Praha ikashika tambarare ya mto Labe, na kwa muda mrefu dirishani hakuna kingine ila mashamba. Julai hii nafaka imekwisha kuiva, jua ni kali, na hapa na pale trekta linatimua vumbi. Ninayemfuata ni Karel Jaromír Erben, mshairi na mkusanyaji wa nyimbo na ngano za Wacheki, aliyezaliwa tarehe 7 Novemba 1811 na kufariki tarehe 21 Novemba 1870. Uhai wake wote alitoa kitabu kimoja tu cha mashairi yake mwenyewe. Kinaitwa *Kytice*, yaani shada la maua. Kilichapishwa Praha mwaka 1853 kikiwa na mashairi 12, na mwaka 1861 akaongeza moja, yakawa 13. Hayo 13 yamewatosha Wacheki mpaka leo.

Nimekuwa nikiyasoma kwa tafsiri ya Kiingereza. Safari hii ninayasikia kwa lugha yake, kwa sababu mdogo wangu anasoma uhandisi Praha na Kicheki kimekwisha mkaa ulimini. Ilipokaribia saa sita mchana alifungua kitabu akasema, "Kaka, hili halisomwi saa nyingine ila hii," akanisomea *Polednice*.

Mama yuko jikoni, mume atarudi kula wakati wowote, na mtoto analia. Anapewa jogoo wa kuchezea, anapewa kigari, vyote anavitupa. Mama anachoka, anamtisha: anamwita Polednice, pepo wa adhuhuri, aje amchukue. Mlango unafunguka. Anaingia kibibi kidogo, uso wa kutisha, miguu kombo, mkononi mkongojo, anadai apewe mtoto. Mama anamkumbatia mwanawe, anamkaza kifuani, na kibibi kinazidi kusogea. Kengele ya saa sita inalia. Baba anaingia na kumkuta mke amezimia, mtoto kifuani. Mke anazinduliwa. Mtoto hazinduki.

Erben hasemi nani amemuua. Hapo ndipo shairi linapokata, na behewa zima nililiona limenyamaza ingawa watu walikuwa wakiongea. Pwani nilikokulia tulikatazwa kuzurura jua la utosi, tukaambiwa ni saa ya mashetani, kwa hiyo haikunilazimu kuelezwa kwa nini mama yule alijuta neno lake hata kabla mlango haujafunguka. Erben alilichapisha kwa mara ya kwanza mwaka 1834, akiwa kijana wa miaka 22.

Hradec Králové ndipo aliposomea sekondari. Wazazi wake hawakuwa na uwezo, akajitafutia riziki kwa kufundisha watoto wa wenye nacho kupiga piano. Alikuwa mgonjwa mgonjwa tangu utotoni na alikuwa na kigugumizi. Ninayataja haya mawili pamoja kwa makusudi. Kijana ambaye maneno humkwama lakini vidole vyake vinasoma muziki, ndiye aliyekuja kuzunguka vijijini na kunakili nyimbo za watu pamoja na mahadhi yake. Wakusanyaji wengi wa zama zile waliridhika na maneno peke yake.

Jioni tulitembea hadi pale mto Orlice unapoingia Labe, kisha tukapanda uwanjani kuutazama Mnara Mweupe. Sekondari za wakati wake zilifundisha kwa Kijerumani. Nchi ilikuwa chini ya wafalme wa ukoo wa Habsburg waliokaa Vienna, Kijerumani ndicho kilichofungua milango ya ofisi, na Kicheki kilibaki lugha ya sokoni, ya shambani na ya kubembelezea watoto. Aliyetaka kujua Kicheki chenye nguvu kimejificha wapi, ilimpasa aende kwa bibi vizee. Erben alikwenda.

Jumapili. Hradec Králové – Hořice – Miletín

Basi la kwenda Hořice linapita karibu na Chlum na Sadová, palipopiganwa vita vikubwa tarehe 3 Julai 1866 kati ya Waprusia na Waaustria. Erben alikuwa hai bado, mtu mzima huko Praha, na majeshi yalikanyaga mashamba ya utoto wake. Kando ya barabara yamesimama makaburi na minara ya mawe ya ukumbusho. Hořice kwenyewe ni mji wa wachonga mawe, una chuo cha uchongaji tangu mwaka 1884, na mpaka bustanini kuna sanamu. Tulisubiri basi la pili huku tukila zile bomba tamu za unga mwembamba zinazosifika hapa, kisha tukaendelea.

Miletín ni mji mdogo, wakazi wake hawafiki elfu moja. Una uwanja wa mteremko katikati, kanisa, nyumba zilizoshikana mabega, na vilima vya kijani pande zote. Baba yake Erben alikuwa fundi viatu aliyelima pia miti ya matunda. Mama yake alitoka katika ukoo wa mwalimu. Walizaliwa pacha, mwenzake akafa mapema, akabaki yeye peke yake, naye dhaifu. Kwenye jumba la makumbusho nilisimama muda mrefu mbele ya picha zake. Uso mwembamba, nywele zimechanwa nyuma, macho ya mtu anayesikiliza.

Bibi aliyetupokea mlangoni alifurahi kusikia tumetoka Afrika Mashariki, akamwuliza mdogo wangu kama kwetu kuna Polednice. Mdogo wangu akamjibu kwamba kwetu wapo wa adhuhuri na wa magharibi pia. Bibi akacheka, kisha uso ukarudi kuwa wa kawaida, akasema kwamba mama yake alimzuia kwenda shambani peke yake wakati wa kengele ya mchana, na kwamba yeye naye aliwazuia wanawe. Hakulisema hilo kama kichekesho. Nilipenda jinsi lilivyomtoka, neno la nyumbani kabisa, wala si jambo la makumbusho.

Uwanjani kuna duka la vitamutamu linalouza *modlitbičky*, biskuti za asali na viungo zenye karanga ndani, zilizotengenezwa kwa umbo la kitabu kidogo cha sala. Tulinunua mfuko, tukakaa kivulini, na mdogo wangu akanisomea *Svatební košile*, shati za harusi, maana kitabu cha sala kinasimama katikati ya shairi hilo.

Msichana yatima anamngoja mchumba wake aliyekwenda nchi za mbali. Usiku anapiga magoti na kumwomba Bikira Maria: amrudishe mchumba, au la, aufupishe uhai wa msichana mwenyewe. Picha ukutani inatikisika, taa inazimika, na dirishani kuna sauti ya mpenzi wake: amka, tuondoke sasa hivi. Wanakwenda usiku kucha, kwa hatua ndefu zisizo za kibinadamu. Njiani mchumba anampokonya kimoja kimoja: kwanza kitabu cha sala, kisha tasbihi, kisha msalaba shingoni. Mwisho wa safari ni ukuta wa makaburi. Hapo msichana anafahamu. Anamwambia aruke yeye kwanza, naye anakimbilia chumba cha maiti na kujifungia. Ndani kuna maiti juu ya ubao, nje mchumba anaiamuru iinuke imfungulie. Maiti inafumbua macho. Inainuka. Mara jogoo anawika. Asubuhi waumini wanakuta kila kaburi lina kipande cha shati la harusi.

Kisa cha mfu anayemfuata mchumba wake kiko katika nchi nyingi za Ulaya, na Wajerumani walikuwa nacho kwa shairi la Gottfried August Bürger tangu karne ya 18. Kwa Bürger msichana anaangamia. Kwa Erben anaokoka, kwa kuwa katika dakika ya mwisho anageuza ombi lake la mwanzo. Ndiyo maana ninaona Erben hakuwa mtu wa vitisho. Alitaka kujua mtu anaharibu wapi, na mlango wa kurudi uko wapi.

Jumatatu. Miletín – Byšičky – Lázně Bělohrad

Leo kwa miguu. Njia za waenda kwa miguu katika nchi hii zimepakwa alama za rangi kwenye miti, mistari miwili myeupe na katikati rangi ya njia, na asiyeijua nchi anafika salama. Msituni kuna matunda meusi madogo yanayoacha midomo ya watu na rangi ya wino. Mabondeni kuna mabwawa ya kufugia samaki, maji yake ya kijani kizito, hayasogei.

Kando ya bwawa moja tulipumzika, na hapo hakuna la kusoma ila *Vodník*, jini la maji. Linakaa juu ya mti usiku wa mbalamwezi, linajishonea koti la kijani na viatu vyekundu kwa ajili ya harusi yake. Mama mmoja ameota ndoto mbaya, anamkataza bintiye asiende ziwani, na binti anakwenda kufua. Daraja linavunjika. Chini ya maji anakuwa mke, anazaa mtoto, anakonda kwa huzuni. Anaomba ruhusa siku moja tu ya kumwona mama yake. Anapewa, kwa sharti la kurudi jioni na kumwacha mtoto rehani. Mama akishampata haachii tena. Jini linagonga mlango, linagonga tena, na mara ya mwisho kinachosikika ni kitu kuanguka kizingitini. Kilichomo hapo mlangoni sikiandiki. Atakayelisoma shairi atakikuta, na atanielewa.

Hapa nalaumu upande mmoja waziwazi: si jini, ni yule mama anayekataa kumwachia binti yake arudi kwa mtoto wake. Mdogo wangu alinipinga. "Kaka, mama gani atamrudisha mwanawe kuzimuni?" Tulibishana mpaka kilimani. Ninafikiri Erben angetuacha tubishane.

Antonín Dvořák, mtunzi wa muziki wa Kicheki, aliyageuza mashairi manne kati ya haya kuwa muziki wa okestra mwaka 1896, *Vodník* likiwa la kwanza, na kwenye *Zlatý kolovrat*, gurudumu la dhahabu la kusokotea, alizifuatisha tuni zake na silabi za beti zenyewe, kana kwamba vyombo vinasoma shairi. Kabla ya hapo, mwaka 1885, *Svatební košile* yake iliimbwa na kwaya kubwa Birmingham, Uingereza. Mtu akitaka kujua jinsi mshairi anavyovuka mpaka wa lugha bila kutafsiriwa, aanze na muziki ule.

Byšičky ni kilima kidogo nje ya Lázně Bělohrad, juu yake kanisa la Mtakatifu Petro na Paulo katikati ya miti. Wenyeji husema hili ndilo kanisa la *Poklad*, hazina. Tulikaa kwenye nyasi.

Ijumaa Kuu watu wote wako kanisani, mateso ya Yesu yanaimbwa. Mjane maskini amechelewa, anapanda kilima kwa haraka, mtoto mikononi. Njiani anaona mwamba umefunguka, ndani mwanga, upande mmoja fedha, upande mwingine dhahabu. Kwa kuwa mikono yake imejaa mtoto, anamweka chini. Anabeba fedha hadi nyumbani, anarudi, anabeba dhahabu, na mtoto akiwa amekaa pale anachezea sarafu alizopewa ili atulie. Mama anapofika nyumbani na mzigo wa mwisho, dhahabu imekuwa udongo na fedha imekuwa mawe. Anakimbia kurudi. Mwamba umefungika, hakuna hata ufa.

Mwaka mzima anaishi hivyo. Erben hauharakishi mwaka huo, na nashukuru kwa hilo. Tunaona mikono yake imekonda, tunaona anavyokwenda kilimani na kurudi bila kitu. Ijumaa Kuu nyingine inafika, uimbaji unasikika kanisani, mwamba unafunguka tena, hazina iko palepale inang'aa. Hatazami hazina. Anamwona mtoto amekaa na sarafu mapajani kama alivyomwacha, anamnyakua na kukimbia.

Mdogo wangu alipomaliza tulisikia mashine ya kukata nyasi chini mjini. Nilitaka kuuliza mwamba wenyewe ulikuwa upande gani. Sikuuliza. Kilima kizima kinafaa.

Jumanne. Zvičina, kisha kurudi Praha

Tuliamkia kupanda Zvičina, mita 671, kilele cha eneo hili. Juu kuna kanisa dogo la Mtakatifu Yohane wa Nepomuk na nyumba ya wageni iliyopewa jina la Karel Václav Rais, mwandishi mzaliwa wa Lázně Bělohrad. Hewa ilikuwa safi, milima ya Krkonoše ilionekana yote, na Sněžka yenye mita 1,603 kwa mbali.

Kwenye mteremko mkavu kulikuwa na kile kimmea cha maua madogo ya zambarau ambacho Erben amefungulia kitabu chake. Mama amekufa, watoto wake wanakwenda kila asubuhi kwenye kaburi kumtafuta, na roho yake inawaonea huruma, inarudi katika mwili wa kimmea cha majani madogo kinachotanda juu ya kaburi. Watoto wanakijua kwa harufu. Kisha mshairi anageuka na kusema kwamba hizi hekaya za nchi ni kimmea hicho, na nchi ndiyo mama. Beti chache, na mpango mzima wa maisha yake umo. Nilichuma kitawi kimoja nikakinusa. Kinanuka kama kiungo cha jikoni, kikali na kitamu.

Kwenye treni ya jioni nilimsimulia mdogo wangu ngano aliyoisahau, ile ya nywele tatu za dhahabu za Babu Vševěd, mjua yote. Mfalme anatabiriwa kwamba mtoto wa mchoma makaa atamwoa bintiye. Anajaribu kumuua mara mbili, anashindwa, mwishowe anamtuma akalete nywele tatu za Babu. Njiani watu wanampa maswali ya kuuliza: mvushaji anauliza lini atapumzika, mji mmoja unauliza kwa nini mti wao wa matunda ya ujana hauzai, mwingine kwa nini kisima chao cha maji ya uzima kimekauka. Babu Vševěd ni Jua. Asubuhi ni mtoto, adhuhuri mtu mzima, jioni mzee anayerudi kulala magotini pa mama yake. Mama anamng'oa unywele mmoja mmoja, na kila anaposhtuka anajibu swali moja. Nilipofika kwa mvushaji, ambaye dawa yake ni kumkabidhi kasia abiria anayefuata, mdogo wangu alikumbuka mwisho na kuumaliza yeye: abiria huyo ni mfalme.

Jumatano. Žebrák na Točník

Kusini magharibi ya Praha, treni hadi Hořovice kisha basi. Erben alimwoa Betyna kutoka Žebrák mwaka 1842, na nchi hii ya wakwe ilikuwa kisima chake cha nyimbo. Mwaka huohuo alianza kutoa *Písně národní v Čechách*, nyimbo za wananchi wa Bohemia, upande wa magharibi wa nchi ya Wacheki, juzuu tatu hadi 1845. Nyumbani palikuwa na majonzi pia. Mtoto wa kiume alifariki mdogo, na mwaka 1857 Betyna mwenyewe akafa, akimwachia mabinti. Ninapolisoma *Kytice* na kuona mama na mtoto wakitenganishwa karibu kila shairi, ninajizuia kusema ni maisha yake, maana mengi aliyaandika kabla ya misiba hiyo. Alizitoa hofu hizo kwa watu waliozijua tangu zamani, zikamkuta baadaye.

Kuna ngome mbili hapa, Žebrák iliyobomoka, na juu yake Točník, iliyojengwa na mfalme Václav wa Nne baada ya ile ya kwanza kuungua mwaka 1395. Kwenye handaki la Točník wanafugwa dubu. Watoto walikuwa wengi, joto lilikuwa kali, hatukukaa sana.

Alhamisi. Praha, Jumba la Mji Mkongwe

Mwaka 1851 Erben aliteuliwa kuwa mtunza nyaraka wa jiji la Praha, na kazi hiyo aliishika hadi kifo. Kabla ya hapo alifanya kazi na mwanahistoria František Palacký katika Jumba la Makumbusho, akitumwa miji ya mikoani kupekua masanduku ya hati, na huko huko jioni akiwasikiliza watu wakiimba. Sehemu kubwa ya nyaraka alizozitunza jijini ziliteketea Mei 1945, siku za mwisho za vita, Jumba la Mji Mkongwe lilipoungua. Bawa lililoungua halijajengwa tena. Pale lilipokuwa kuna nyasi na miti, watalii wanakula aiskrimu, na mtu asiyejua atafikiri ni bustani tu.

Nilisimama hapo nikafikiri juu ya *Regesta*, kitabu chake cha mwaka 1855 cha hati za Bohemia na za Moravia, upande wa mashariki wa nchi, kuanzia mwaka 600 hadi 1253. Kazi ya namna hiyo ni hii: unachukua hati ndefu ya Kilatini, yenye vyeo na viapo na mashahidi, unaikamua mpaka libaki lililo muhimu, nani, nini, kwa nani, lini. Hati baada ya hati, miaka na miaka. Wengi huandika kana kwamba kazi hii ilimnyima mshairi muda wake, kwamba asingekuwa mtumishi wa jiji tungekuwa na mashairi mengine mia. Siamini. Soma *Polednice* uone: hakuna maelezo ya nyumba, hakuna jina la mtu, hakuna machozi ya mwandishi. Nani, nini, kengele, basi. Mkono ulioandika *Regesta* ndio ulioandika *Kytice*. Na ndio uliopanga nyimbo pia, ukiweka wimbo mmoja kwa namna zake mbalimbali kutoka vijiji mbalimbali, kwa imani kwamba chini ya namna zote kuna mfupa wa kale unaoweza kupapaswa.

Ukutani mwa jumba hilo kuna saa maarufu ya mwaka 1410. Kila saa umati unainua simu juu kuwatazama mitume wakipita dirishani, kisha unatawanyika. Chini ya saa kuna bamba la duara la kalenda, miezi 12 ya kazi za shambani iliyochorwa na Josef Mánes mwaka 1866, na pembeni yake siku zote za mwaka na watakatifu wake. Maandishi hayo ya kalenda Erben alishiriki kuyaandaa. Bamba la asili liko makumbusho, hili ni nakala. Nilimwonyesha mdogo wangu, ambaye amepita hapa mara nyingi akikimbilia tramu.

Ijumaa. Praha, Olšany

Makaburi ya Olšany ni makubwa, mitaa kwa mitaa chini ya miti, na Erben yumo. Alifariki kwa kifua kikuu. Miaka yake ya mwisho hakupumzika: mwaka 1862 alitoa mahadhi 811 ya nyimbo, mwaka 1864 mkusanyiko mkubwa wa nyimbo na mashairi ya watoto zipatazo 2,200, mwaka 1865 ngano 100 za mataifa ya Kislavoni, kila moja katika lahaja yake yenyewe, mwaka 1867 tafsiri ya historia ya kale ya Warusi iliyohusishwa na mtawa Nestor, na mwaka huohuo akasafiri hadi Moscow kwa maonyesho ya mila za mataifa.

Hizo lahaja nazishikilia. Angeweza kuzigeuza zote Kicheki, wasomaji wangemshukuru. Alitaka Mbulgaria asikike kama Mbulgaria. Mwaka huo wa 1870 alipofariki, London ilichapishwa mkusanyiko wa ngano za Waswahili wa Unguja uliofanywa na mmisionari Edward Steere, kisa cha Sultani Darai kikiwamo, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Hawakujuana. Lakini wote wawili waliamini kwamba msimulizi aachiwe mdomo wake, na kwa sababu hiyo leo tunaweza kuwasikia wazee wa Unguja wa enzi ile, na wanawake wa Bohemia.

Jioni tulikuwa jikoni kwenye bweni la mdogo wangu. Alikuwa ameazima maktaba kitabu cha nyimbo na kile cha mahadhi, akaweka kinanda kidogo cha umeme mezani kati ya sufuria. Sehemu ya mwanzo ni ya watoto, nyimbo za kubembeleza na za michezo. Alichagua mmoja mfupi, akapiga kwa kidole kimoja, mimi nikijaribu kufuatisha maneno. Mwanafunzi mmoja wa kike kutoka Moravia alikuwa akisubiri maji yachemke. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Bibi yangu hamalizi hivyo," alisema.

Moravia ilikuwa na mkusanyaji wake, padri František Sušil, rika la Erben, na mdogo wangu alitaka kuanza kueleza hayo. Nilimgusa bega anyamaze. Msichana akazima jiko, akaimba ule mwisho wa bibi yake, tuni inapanda pale ambapo kitabuni inashuka, na ubeti mmoja zaidi ambao Erben hana. Nikamwomba aurudie polepole. Mdogo wangu alikuwa amekwisha shika kalamu.